Kusafiri nje ya nchi ukiwa umevuka miaka 60: mwongozo kamili wa afya na usalama, hatua kwa hatua

Mama yangu alikuwa na miaka 71 aliposafiri nje ya nchi kwa mara ya kwanza. Sisi watoto tuliogopa wezi, tukaogopa malaria, tukaiogopa na ndege yenyewe. Kilichomwangusha kilikuwa ukingo wa beseni la kuogea, saa nane za usiku, siku ya pili tu baada ya kufika, akipapasa ukuta asioujua kutafuta swichi ya taa. Alivunjika kifundo cha mkono. Wiki 3 za safari zikaishia kwenye plasta.

Tangu siku hiyo, mzee yeyote anayejiandaa kusafiri akiniuliza ushauri, naanzia hapo. Ukiwa nyumbani, mwili wa mtu mzima huenda kwa mazoea: dawa ina saa yake, maji yana kikombe chake, na miguu inaijua njia ya chooni gizani. Safari hung'oa mazoea hayo yote kwa siku moja. Hivyo maandalizi ya mtu wa umri wetu au wa wazazi wetu yana lengo moja: kuyabeba mazoea yanayokuweka salama, na kujua mapema yapi yatavunjika njiani.

Hatua ya 1: Muone daktari wiki 6 hadi 8 kabla ya kuondoka

Usisubiri wiki ya mwisho. Chanjo nyingine huhitaji zaidi ya dozi moja, na mwili unahitaji muda wa kujenga kinga. Ikiwa daktari atakubadilishia dawa, ni heri uizoee ukiwa bado nyumbani.

Nenda na dawa zako zote kwenye mfuko mmoja: za hospitali, za kununua mwenyewe, hata za mitishamba. Mwambie unakwenda wapi, kwa siku ngapi, utapanda ndege kwa saa ngapi, na kama huko kuna joto kali, baridi au milima. Kisha usitoke chumbani mwake kabla hujapata majibu ya maswali haya: Je, moyo na mapafu yangu yanaweza kuhimili ndege? Dawa zangu nitazimezaje saa zikibadilika? Na nikiharisha au kutapika, ni dawa zipi niendelee nazo na zipi nisimamishe kwa muda? Hilo la mwisho wengi hulisahau. Baadhi ya dawa za presha, za kisukari na za kukojoza zinaweza kuumiza figo mwili ukiwa umekaukiwa maji, lakini huwezi kuamua peke yako uache ipi. Maelekezo hayo yaandikwe kwenye karatasi.

Kama umefanyiwa upasuaji karibuni, sema. Kuna upasuaji wa jicho ambao daktari huacha gesi ndani ya jicho ili kulishikilia pazia la nyuma. Ukipanda ndege kabla gesi hiyo haijaisha, hutanuka na inaweza kukupofusha.

Kuhusu chanjo, kuna moja inayohitaji mazungumzo ya kina: homa ya manjano. Aliyevuka miaka 60 na ambaye hajawahi kuchanjwa ana uwezekano mkubwa kuliko kijana wa kupata madhara mabaya ya chanjo hiyo, ingawa madhara hayo bado ni nadra. Daktari atapima: kama kweli ugonjwa upo unakokwenda, chanjo inaweza kuwa na faida kubwa kuliko hatari yake. Kama cheti kinadaiwa mpakani tu na afya yako hairuhusu, anaweza kukuandikia barua rasmi ya msamaha wa kitabibu. Uliza ubalozi wa nchi unayokwenda kama barua hiyo inakubaliwa, kwani uamuzi wa mwisho ni wa nchi husika. Ukichanjwa, cheti huanza kutumika baada ya siku 10, na tangu Julai 2016 hudumu maisha yote. Kama ulichanjwa miaka mingi iliyopita, kadi yako ya zamani bado ni halali, itafute.

Chanjo za mafua, nimonia, UVIKO-19 na pepopunda ziangaliwe pia, maana kwa mtu mzima mafua ya kawaida yanaweza kugeuka nimonia. Wanaokwenda Hija wanatakiwa na Saudia kuwa na chanjo ya homa ya uti wa mgongo ya aina nne (ACWY), iliyochomwa siku zisizopungua 10 kabla ya kufika. Na kama unakwenda penye malaria, mweleze daktari dawa zako zote kabla hajakuandikia vidonge vya kinga, kwa sababu baadhi yake hugongana na dawa za moyo na za kuzuia damu kuganda.

Pitia na kwa daktari wa meno. Jino linalouma kidogo nyumbani huwa balaa ugenini.

Hatua ya 2: Bima, na usifiche ugonjwa wako

Kosa kubwa katika bima ya safari ni kunyamazia presha, kisukari au moyo ili bei ishuke. Siku ukilazwa, kampuni itaomba faili lako la matibabu, na ikikuta ugonjwa uliouficha inaweza kukataa kulipa hata senti. Taja kila kitu, kisha hakikisha mkataba unasema wazi kwamba magonjwa uliyonayo yamefunikwa. Soma pia umri wa mwisho wanaoukubali, kwani bima nyingi zina kikomo.

Angalia maneno mawili: kusafirishwa kwa dharura na kurudishwa nyumbani. Kumsafirisha mgonjwa aliyelala kwa ndege ni gharama inayoweza kuifilisi familia. Wanaoomba viza ya Schengen, yaani viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, hudaiwa bima ya angalau yuro 30,000 inayojumuisha mambo hayo, lakini kiwango hicho ni cha chini, hakimtoshi kila mtu.

Namba ya simu ya dharura ya bima iandike kwenye karatasi. Simu huzima, simu huibwa.

Hatua ya 3: Dawa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo safari nyingi za wazee huharibikia.

Dawa zote zikae kwenye begi la mkononi unaloingia nalo kwenye ndege. Begi kubwa linaweza kupotea au kuchelewa siku 3, na presha yako haitalisubiri. Beba za siku zote za safari, ongeza za wiki moja au mbili zaidi. Usitegemee kununua huko: mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa 1 kati ya 10 za tiba haina ubora au ni bandia.

Ziache kwenye pakiti zake zenye jina lako. Najua kile kiboksi cha vidonge chenye siku za wiki ni rahisi kutumia, nami nakipenda. Kibebe kikiwa tupu, ukijaze ukishafika. Mpakani, vidonge vilivyochanganywa bila jina huzua maswali.

Omba barua ya daktari yenye majina ya kitaalamu ya dawa, kwa sababu jina la kampuni lililoandikwa kwenye pakiti hubadilika nchi hadi nchi. Mfamasia wa ugenini huenda hajawahi kusikia jina la kidonge chako, lakini "amlodipini miligramu 5" ataijua hata ikiandikwa kwa herufi za kwao. Barua itaje pia sindano na mashine zozote ulizo nazo.

Kisha chunguza kama dawa zako zinaruhusiwa unakokwenda. Tramadoli, dawa ya maumivu ambayo wazee wengi humeza kwa ajili ya magoti na mgongo, inadhibitiwa vikali Misri na Falme za Kiarabu. Kodeini, dawa nyingine ya maumivu, nayo ni hivyo hivyo Falme za Kiarabu. Japani hupiga marufuku dawa za mafua zenye pseudoefedrini zaidi ya asilimia 10. Watu wazima wenye heshima zao wamejikuta mikononi mwa polisi kwa sababu ya kidonge walichoandikiwa kihalali nyumbani. Uliza ubalozi, na kama kibali kinahitajika kiombe mapema.

Kwa wenye insulini: isiingie kamwe kwenye mizigo ya tumbo la ndege, inaweza kuganda, na iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka. Ukiruka kuelekea mashariki siku yako inafupika, ukielekea magharibi inarefuka, kwa hiyo dozi ya siku ya safari inaweza kupungua au kuongezeka. Daktari akuandikie ratiba ya siku hiyo saa kwa saa. Na uwe na kitu kitamu mfukoni, sukari inaweza kushuka wakati umekwama kwenye foleni.

Mwisho wa hatua hii, tengeneza kadi ndogo. Ya mama yangu sasa ni kipande cha karatasi ngumu, ukubwa wa kitambulisho, kimefungwa kwa gundi ya plastiki. Upande mmoja kuna jina, mwaka wa kuzaliwa, magonjwa, dawa na dozi, na mzio wa penisilini umeandikwa kwa wino mwekundu. Upande wa pili kuna namba yangu, namba ya bima, na jina na anuani ya mahali anapolala, kwa lugha ya nchi hiyo. Hukaa ndani ya kasha la miwani, kwa sababu miwani ndicho kitu pekee asichokisahau.

Miwani ya akiba na betri za kifaa cha kusikia navyo vihesabu kama dawa.

Hatua ya 4: Panga tiketi na chumba kwa ajili ya miguu yako

Ukinunua tiketi, omba msaada wa kiti cha magurudumu angalau saa 48 kabla ya safari, hata kama unatembea vizuri. Wazee wengi huona aibu. Nawasihi muiweke kando. Viwanja vikubwa vina mwendo wa kilomita nzima kati ya ndege na ndege, pamoja na foleni za kusimama saa nzima. Mwenye msaada huvushwa, na ndani ya Umoja wa Ulaya huduma hiyo ni haki ya kisheria bila malipo. Nguvu uliyoiokoa hapo utaitumia kesho yake.

Acha saa 3 au zaidi kati ya ndege na ndege. Chagua kiti kilicho kando ya njia ili uinuke bila kumuomba mtu radhi. Anayetumia oksijeni lazima apate kibali cha shirika la ndege mapema. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo abebe kadi yake, apite kwenye mlango wa ukaguzi bila kusimama, na aombe kile kifaa cha mkononi kisishikiliwe juu ya kifua.

Kwa malazi, uliza kwa simu au kwa ujumbe: je, kuna lifti? Bafu ni la kuingia moja kwa moja au ni beseni la kuruka ukingo? Kuna kishikizo ukutani? Picha nzuri za mtandaoni hazijibu maswali haya.

Hatua ya 5: Ndani ya ndege

Hewa ya ndani ya ndege ni kavu sana, na mgandamizo wake ni kama wa mtu aliye mlimani, hadi karibu mita 2,400. Moyo na mapafu dhaifu huuhisi. Kunywa maji kidogo kidogo, pombe uiache.

Kukaa bila kujongea kwa saa 4 au zaidi huongeza uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Kila nusu saa, ukiwa umekaa, inua visigino huku vidole vikigusa sakafu, kisha vidole huku visigino vimetulia, mara 20. Simama na utembee kila baada ya saa moja au mbili ukiwa macho. Waliowahi kupata bonge la damu, wenye saratani, na waliofanyiwa upasuaji karibuni wamuulize daktari kuhusu soksi maalumu za kubana au dawa. Usimeze vidonge vya usingizi ndani ya ndege: vitakulaza umejikunja saa nyingi, na utaamka mlegevu unapotakiwa kushuka ngazi.

Na tafadhali usiruke kidonge chako cha kukojoza kwa kuogopa foleni ya choo. Wengi hufanya hivyo bila kumwambia mtu, wakifika miguu imejaa na pumzi ni fupi. Muulize daktari kama unaweza kuisogeza saa ya kukimeza.

Hatua ya 6: Saa ya kwanza chumbani, na siku 3 zinazofuata

Kabla ya kufungua begi, kabla ya kupiga simu nyumbani, kikague chumba taa zikiwa zinawaka. Tembea kutoka kitandani hadi chooni ukihesabu hatua. Gusa kila swichi. Zulia dogo linaloteleza likunje ulitie kabatini. Mwaga maji kidogo kwenye sakafu ya bafu uone inatelezaje, na kama inateleza omba mkeka wa mpira. Weka tochi ndogo kwenye kona ile ile ya kitanda ulikozoea kuweka vitu vyako nyumbani. Acha taa ya bafuni ikiwaka usiku kucha, mlango ukiwa wazi kidogo. Ukiamka usiku, kaa ukingoni mwa kitanda, hesabu hadi 30, ndipo usimame, maana presha hushuka ghafla mtu anapoinuka, hasa anayemeza dawa zake.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na wengi wao wamevuka miaka 60. Dakika 10 za kukagua chumba si nyingi.

Saa zikiwa zimebadilika sana, mwili huchukua takriban siku moja kwa kila saa moja ya tofauti kuzoea. Toka nje kwenye mwanga wa mchana, lala kwa saa za huko, na siku 2 za mwanzo usizijaze matembezi. Dawa ukiisahau usiifidie kwa kumeza mbili pamoja. Saa moja ya mkononi iache kwenye saa za nyumbani hadi utakapohamia ratiba mpya uliyoandikiwa.

Barabarani, kumbuka kwamba magari yanaweza kuja kutoka upande usiouzoea. Uingereza, Japani na Australia huendesha kushoto. Ufaransa, Marekani na nchi nyingi zaidi huendesha kulia. Shingo yako imezoea kugeuka upande mmoja kwa miaka 60, hivyo tazama pande zote mbili kila mara. Kwenye gari funga mkanda, hata kiti cha nyuma.

Hatua ya 7: Maji, joto na tumbo

Umri hupunguza kiu. Mzee anaweza kuwa amekaukiwa maji na asitamani kunywa, kwa hiyo kunywa kwa saa, usingoje hamu. Mkojo wa rangi ya njano iliyokolea ni onyo. Wenye moyo au figo dhaifu wafuate kiasi alichopanga daktari, kwao maji mengi mno nayo ni tatizo. Wakati wa jua kali pumzika ndani. Mtu mwenye joto kali mwilini ambaye ameanza kuongea asivyoeleweka ni wa dharura: mwondoe juani, mmwagie maji, mpepee, ita gari la wagonjwa.

Kuharisha hulegeza mzee haraka. Beba pakiti za chumvi ya kurudisha maji mwilini. Zikikosekana, chukua lita 1 ya maji salama, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Pima vizuri, chumvi ikizidi ni hatari. Ukiona damu kwenye choo, homa, au huwezi kuzuia chochote tumboni, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Ukipanda juu ya mita 2,500, panda taratibu. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikianza, usiendelee kupanda. Na mbwa au nyani akikung'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha ukatafute chanjo ya kichaa cha mbwa bila kuchelewa.

Hatua ya 8: Watu wa kuogopwa

Tapeli humchagua mzee anayeonekana amechoka na amepotea. Anayejitolea kukubebea begi, anayekuharakisha kwenye mashine ya kutolea pesa, anayepiga simu chumbani akisema ni wa mapokezi na anataka namba ya kadi: wote jibu lao ni hapana, kisha unaelekea penye watu. Gawa pesa sehemu mbili. Waambie na watoto nyumbani wasitume pesa kwa ujumbe wowote unaosema umekamatwa au umelazwa, hadi wasikie sauti yako kwa namba wanayoijua na ujibu swali ambalo ni la kwenu tu.

Hatua ya 9: Mwili ukikataa

Namba za dharura zijue kabla ya kufika: 112 katika Umoja wa Ulaya, 999 Uingereza, 911 Marekani na Kanada, 000 Australia. Kwingine uliza mapokezi siku ya kwanza na uiandike kwenye kadi.

Mdomo kupinda upande mmoja, mkono kukosa nguvu, maneno kukatika: hicho ni kiharusi hadi kithibitike vingine. Tazama saa dalili ilipoanza, kwani daktari ataiuliza kwanza, na tiba hutegemea jibu hilo. Mshtuko wa moyo kwa mzee, hasa mwenye kisukari, unaweza kuja bila maumivu ya kifua: jasho la baridi, pumzi kukata, kichefuchefu, uchovu wa ghafla. Na mzee aliyekuwa timamu asubuhi akichanganyikiwa jioni, asiachwe alale kwa kudhaniwa ni uzee au uchovu wa safari. Mara nyingi nyuma yake kuna maambukizi, ukosefu wa maji, sukari iliyoshuka au dawa iliyozidi.

Ukilazwa, piga simu ya bima mapema uwezavyo, hifadhi kila risiti, na uombe ripoti ya matibabu kabla ya kuruhusiwa.

Hatua ya 10: Baada ya kurudi

Vidonge vya kinga ya malaria vimalize kama ulivyoandikiwa. Vingine huendelea wiki 4 baada ya kutoka penye ugonjwa. Homa yoyote ndani ya mwaka mmoja baada ya kurudi, hasa miezi 3 ya mwanzo, ipelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na sentensi ya kwanza kwa daktari iwe jina la nchi ulikokuwa. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu lake katika wiki chache baada ya ndege ndefu, usiukande wala kuuchua, nenda ukapimwe. Pumzi ikikata au kifua kikichoma pamoja na hilo, ita gari la wagonjwa saa ile ile.